Samaki wa Tuta

Asubuhi baada ya bahari kuvunja tuta, kitu cha kwanza nilichokiona bondeni kilikuwa samaki. Walikuwa mikizi wadogo, urefu wa kidole, wakiogelea baina ya mashina ya mpunga bila ya haraka, kama waliozaliwa mle. Mpunga wenyewe ulikuwa umeshaanza kutoa masuke. Ulisimama ndani ya maji ya bahari, bado kijani, na mtu asiyejua angesema hakuna lililoharibika.

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, upepo wa kusi ukivuma, na bamvua, yale maji makuu ya bahari, lilikuwa katika kilele chake. Maji ya mito yalishuka kutoka juu, ya bahari yakapanda kutoka chini, tuta likawa katikati. Lilikuwa tuta la udongo, mawe na magogo ya minazi, limeanzia kwenye mikoko upande huu hadi kwenye jabali upande wa pili. Nyuma yake ndiko kulikokuwa na makonde ya mpunga ya kijiji chetu, kijiji cha pwani ya kusini magharibi ya Pemba, si mbali na Wambaa. Walilijenga bibi na babu zetu kwa mikono yao, kidogo kidogo, bila ya mtu kulipwa. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa. Mimi nililikuta lipo, na utotoni nilidhani ni kama kilima, kitu kilichokuwapo tangu Mungu kuumba.

Wanawake walisimama kwenye kingo za majaruba, vile vitalu vya mpunga, kanga zimewaganda mwilini. Makonde yale ni ya wanawake zaidi. Mtu hulirithi konde kwa mama yake, naye kwa mama yake. Shangazi yangu aliingia kwenye lake, maji yakamfika magotini. Alivuta suke moja, akalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na maziwa tu, punje haijashika.

"Mwezi mmoja," alisema. "Lau ingetungojea mwezi mmoja tu."

Mimi na Shangazi tulikuwa na nyumba zinazotazamana, ua mmoja. Yeye mjane, na mtoto wake wa pekee, binti, ameolewa Unguja. Kila Idi binti yule alikuwa akimwita mama yake akaishi naye, na kila Idi Shangazi alikuwa na jibu moja: "Siku konde langu likifa, ntakuja. Maadamu li hai, mie nna kazi huku." Hakuwa akitania. Lile konde ndilo lililokuwa likimfanya mtu mwenye shughuli zake, si mzee wa kulishwa. Siku ile ya tuta binti alipiga simu kabla ya adhuhuri. Habari zilikuwa zimeshavuka bahari. Shangazi aliweka simu sikioni, akasikiliza sana, kisha akasema, "Halijafa. Limelazwa tu." Akacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa alikuwa akinitazama.

Wataalamu walikuja kutoka mjini. Walipima, wakapiga picha, wakasema tuta letu litaingizwa kwenye mipango. Sidhani kuwa walisema uongo. Mvua zilizovunja tuta letu zilikuwa zimevunja madaraja na kuangusha nyumba kwengine, na mipango ilikuwa mingi kuliko mawe. Sheha wetu, ambaye ndiye serikali iliyo karibu nasi kuliko zote, aliitisha mkutano kwenye baraza la chuo cha Kurani. Alisema tusikae kungoja. Tuanze wenyewe, na walio juu watatukuta njiani. Kilichobaki kilikuwa nani atoe. Wakulima hawakuwa na kitu. Mikarafuu mwaka ule haikuzaa. Macho yakaanza kuwageukia wavuvi, mmoja mmoja.

"Kwani sie ndio tulovunja?" aliuliza mzee mmoja wa nyavu.

Kijana aliyekaa nyuma yake akadakia: "Bahari ndo ilokula makonde, yakhe. Basi nalipe bahari!"

Watu waliangua kicheko, na ndani ya kicheko kile jambo likapita. Kila chombo kitakachoshusha samaki dikoni, pale vyombo vinapofikia, kitatenga mtungo mmoja. Mtungo huo utanadiwa kabla ya mingine, na fedha yake itakwenda kwenye tuta. Ni kwa muda tu, mpaka tuta lisimame. Maneno hayo, mpaka tuta lisimame, sheha aliyarudia mara kadhaa, na kila mmoja wetu aliyasikia.

Lakini mzee wa nyavu hakuwa ameridhika. Alisema hiyo ni kodi juu ya kodi. Wanalipia leseni, wanalipia diko, sasa walipie na mpunga wasioulima. Nyuso zikaanza kukunjana. Sheha ni mtu mpole, na hapendi kuondoka mkutanoni na watu wamenuna. Akasema, "Basi isiwe kodi. Iwe sadaka. Si mnawalisha mama zenu?"

Imamu wa msikiti wetu alikuwa ameegemea nguzo. Aliinua kichwa. "Sadaka halazimishwi mtu," alisema taratibu.

"Hatumlazimishi mtu, Shehe," alijibu sheha. "Tunakubaliana."

Imamu alimtazama, akatazama watu walivyofurahi kupata njia ya kutoka, akainamisha kichwa tena. Nimekifikiri sana kile kimya chake. Hakuna aliyefanya ubaya pale. Lakini ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wasiotoa sadaka wasingeweza kulifanya.

Ili hili lieleweke, lazima nieleze dikoni palivyokuwa.

Mimi ni mwanamke mchuuzi. Nanunua samaki kwenye mnada, nakaanga, nauza njia panda. Kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa dikoni vyombo vinapoingia, na nilikuwa nikiona ambayo wengine hawakuwa na haja ya kuyaona. Chombo kikigusa mchanga, watu hukikimbilia kukisukuma juu. Wanaosukuma kwa nguvu ni vijana. Lakini nyuma ya vijana, au ubavuni, walikuwapo siku zote wazee: wajane, mabibi, vipofu wawili watatu walioshikwa mkono. Hao waliweka kiganja tu kwenye ubao. Hawakusukuma kitu, chombo kingepanda bila ya wao. Lakini kiganja kikishagusa ubao, mwenyewe ameshafanya kazi, na aliyefanya kazi hakosi kitoweo. Nahodha angepiga kelele, "Bi Mkubwa leo umetusukuma, mkono wako mzito!" Bi Mkubwa angejibu, "Nyinyi ndio wavivu, nisingekuja mngelala nacho majini!" Na samaki angerushwa kwenye kikapu chake huku kila mtu akicheka. Hakuna aliyeomba, wala hakuna aliyepewa. Mtu alirudi kwake na ujira wake.

Shangazi hakuwa akienda kila siku. Msimu wa konde alikuwa hana nafasi. Alikwenda pale mchele ulipokuwapo ndani na kitoweo hakipo. Lakini baada ya tuta kuvunjika mchele haukuwapo, na kazi haikuwapo, akaanza kwenda kila siku. Sio yeye peke yake. Wanawake wa bonde zima walihamia dikoni. Palipokuwa na viganja vichache kwenye ubao pakawa na viganja vingi, mpaka vijana wakawa hawana pa kushika. Na katika siku zile zile ndipo mtungo wa tuta ulipoanza kutengwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mnadi, yule anayeita bei na kuuza, alikuwa akiuinua mtungo wa kwanza juu na kusema, "Huu wa tuta, huu wa tuta, nani anamjengea mama yake?" Bei ilipanda kwa mzaha. Mtu aliweza kununua kwa bei ya kijinga apate kusifiwa. Nami nilinunua hivyo mara moja, nikala hasara, na sikujuta. Mawe yakaanza kushushwa kando ya bonde. Shangazi alikwenda kuyatazama jioni, akirudi anasema, "Leo yameongezeka."

Siku iliyogeuza mambo haikuwa na kelele. Chombo cha mtoto wa ami yangu kiliingia na samaki wachache. Bahari ilikuwa mbaya wiki ile. Huyu kwangu ni ndugu, na kwa Shangazi ni mtoto wa kaka yake, kama mimi. Ni mtu mwema. Nasema hivi na namaanisha. Kilipogusa mchanga, viganja vilikijaa. Cha Shangazi kilikuwa karibu na usukani. Ndugu yangu alitoa mtungo wa tuta, akampa mnadi. Akatazama kilichobaki, akatazama wale wanawake, kisha akasema kwa sauti ya utani, sauti ile ile waliyoitumia siku zote:

"Sadaka yenu ishakwenda kwa mnadi, mama zangu! Mfuateni yeye!"

Baadhi walicheka. Bibi mmoja alijibu, "Mnadi ana meno, atanila!" wakacheka zaidi. Shangazi hakucheka. Aliondoa mkono wake kwenye ubao, akaufuta kwenye kanga kama mtu aliyeshika lami.

"Shangazi, natania," ndugu yangu alisema.

"Najua, mwanangu," alijibu. "Samaki ni wachache."

Akaondoka na kikapu kitupu. Ndugu yangu aliniita nimpelekee kolekole mdogo. Nilimpelekea. Shangazi alimtazama yule samaki juu ya sinia, akaniuliza, "Huyu amempa nani?"

"Amekupa weye."

"Kwa kazi gani?"

Niliweka sinia chini. Alimpa paka wa jirani kichwa, na kilichobaki akampelekea mwanamke mwenye watoto nyumba ya tatu. Hakurudi tena dikoni.

Nadhani ndugu yangu angesema neno jengine lolote, mambo yangekuwa mengine. Angesema samaki hakuna. Angesema kesho. Lakini alisema sadaka, na wengine walilisikia, na wakaona kuwa ni kweli. Mtu akishatoa, ametoa. Asubuhi iliyofuata nahodha mwengine alisema vile vile, bila ya utani. Kabla ya mwezi kuandama tena ilikuwa ndiyo kawaida: mtungo ukishakwenda kwa mnadi, kilichobaki ni cha wenye chombo, na anayeweka kiganja ubaoni anaombaomba. Kitu ambacho hakikuwa na jina kilipata jina, na hilo jina likawafukuza wenyewe. Wazee walipungua, kisha wakabaki wale ambao hawakuwa na njia yoyote, na hao walisimama mbali, chini ya mti wa mkungu, wakingoja wamalizane wengine. Ile kodi ilikuwa ya kuwarudishia wanawake wa bonde mpunga wao. Ilianza kwa kuwachukulia samaki wao.

Na lile jina lilifanya mambo mengine mawili ambayo hatukuyatarajia.

La kwanza ni kazi. Mawe yalipokuwa mengi, sheha alitangaza siku ya kujenga. Zamani ingekuwa kila mtu aje na chepe lake. Walikuja wachache. Nilipita pale na chai ya kuuza, nikamsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Pesa za tuta si zipo? Nawalipe mafundi." Hakuwa mkorofi. Ilikuwa hesabu ya wazi: kila siku anatoa mtungo, halafu atoe na mgongo? Mafundi wakalipwa. Fedha iliyokuwa ya mawe ikawa ya mafundi, na tuta lililokuwa lijengwe kabla ya vuli halikujengwa kabla ya vuli, wala kabla ya masika yaliyofuata. Bahari iliingia bondeni kila bamvua, ikatoka, ikaacha chumvi yake.

La pili ni kuuliza. Mzee wa nyavu, yule yule, alisimama baada ya sala ya Ijumaa akataka kujua kilichopatikana ni kiasi gani na kimefika wapi. Watu walimtazama kama aliyevua kofia msikitini. Mtu mmoja wa kamati iliyoshika fedha ya tuta akamwambia, "Mzee, ulitoa kwa ajili ya Mungu au kwa ajili yetu?"

"Kwa ajili ya tuta."

"Basi Mungu ameshaandika. Sie watuuliza nini?"

Mzee alikaa. Kodi ingeulizwa. Kodi mtu huiuliza akisimama kifua mbele, na wenzake nyuma yake. Sadaka ukiiuliza unaonekana umeijutia. Nieleze wazi hapa kwamba sikuona mwizi. Niliwatazama watu wa kamati kwa muda mrefu, nyumba zao, wake zao, baiskeli zao, hakuna kilichobadilika. Niliona saruji ikija, niliona mafundi wakilipwa. Nilitamani kumwona mwizi. Mwizi angetupa mtu wa kumkasirikia.

Shangazi wakati huo alikuwa akila muhogo. Muhogo wa chukuchuku, bila ya nazi, asubuhi, muhogo jioni, shelisheli msimu wake ulipofika, na kisamvu. Nilipomletea samaki wangu wa kukaanga alikataa. "Huu mtaji wako," alisema. "Ukinilisha mie, kesho utauza nini?" Nikawa napika mchuzi na kumwita tule pamoja, kama kwamba nimekosea nikapika mwingi. Alikuwa akila mchuzi na kumwacha samaki. Maji yakipwa alitoka na fimbo na kindoo, akaenda pwani kuokota chaza pamoja na wanawake ambao angeweza kuwazaa. Alirudi amechelewa, amelowa, kindoo hakijajaa. Siku moja aliteleza kwenye matumbawe akajikata mguu chini ya goti, na kidonda kile kilichukua muda mrefu kupona. Binti alipiga simu akilia. Shangazi alimwambia, "Tuta linajengwa, mama. Usinivunje moyo mie, na tuta linajengwa."

Na kweli tuta lilisimama. Sitaki kulidhulumu. Wale walio juu walituma lori la kifusi na bomba, mafundi wakamaliza, na asubuhi moja bamvua lilikuja likagonga mawe likarudi. Tulikwenda wengi kulitazama. Lilikuwa zuri kuliko la zamani, limenyooka, juu yake mtu anaweza kupita na baiskeli. Sheha aliomba dua isomwe pale pale, na imamu alisoma dua fupi. Shangazi alikuwa amevaa baibui lake la sherehe. Alilipapasa jiwe kwa kiganja, akaniambia, "Nitafutie mbegu."

Nilimtafutia mbegu kutoka Mgogoni, kwa mwanamke niliyemjua sokoni. Shangazi alilima mwenyewe, kidogo kidogo, akipumzika juu ya jembe. Nilikuwa nikimsaidia nikishamaliza kuuza. Masika yalikuja na mvua nzuri, na kila mtu alisema mvua hii itaosha. Wazee walisema ardhi ikioshwa masika mawili inarudi. Wengine walisema matatu. Hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona bonde likikaa na bahari muda ule wote.

Mpunga uliota. Nakumbuka alivyonigongea mlango asubuhi na mapema, na tulivyokwenda bila ya kunywa chai. Majani madogo yalikuwa kila mahali, membamba kama nywele. Shangazi alikaa kwenye ukingo wa jaruba akayatazama tu. Alianza kupanga nani atamsaidia kupalilia, na nani kuwinga ndege. Jioni ile alimpigia binti yake mwenyewe. Hakuwa na kawaida ya kupiga. Simu yake ilikuwa ya kupokea.

Halafu ncha zikageuka. Kwanza rangi ya majani makavu, pembeni pembeni, pale ambapo maji yalisimama. Tulisema ni jua. Kisha wekundu ukashuka kwenye jani zima. Shangazi alileta samadi. Alifungulia maji ya mvua yakapita, akayaziba, akayafungulia tena. Kwenye udongo uliokauka pakaonekana weupe, kama unga umemwagika. Makonde ya wenzake yalikuwa hivyo hivyo, na baadhi yao walikuwa wameshaacha kuja. Yeye aliendelea kupalilia mpunga uliokufa mpaka siku nilipomkuta amesimama, jembe liko chini, hafanyi kitu.

"Laiti wangelifunga tuta mwaka ule ule," alisema.

Sikumsikia tena akilalamika. Lakini mimi ninayasema kwa urefu kwa sababu nilikuwapo. Mwaka ule ule, kabla chumvi haijazama, kwa machepe na watu wote wa kijiji, pengine bonde lingepona. Hatukuwa na fedha mwaka ule. Tulikuwa na watu.

Mkutano mwengine uliitishwa. Tuta limesimama, na kila mtu alijua kwamba sasa mtungo uondolewe. Wavuvi walikuja wengi kuliko siku zote na kukaa mbele. Sheha alishukuru, akasema tuta nalo linahitaji kuangaliwa, bahari haiji mwaka mmoja tu. Mtu wa kamati akasema njia ya kwendea dikoni imekatika. Mwengine akasema paa la chuo. Yote yalikuwa ya kweli. Nilingoja mtu asimame aseme tulikubaliana mpaka tuta lisimame. Niliwaona wavuvi wakitazamana. Lakini nani awe wa kwanza kusema mbele ya watu kwamba amechoka kutoa sadaka? Mzee wa nyavu alikuwa amekaa karibu na mlango, akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

Wanawake tulikuwa upande wetu. Nikasema kwa sauti, "Na kitoweo cha wazee je? Kilikatwa kwa sababu ya mtungo. Tuta limesimama. Ama mtungo uondoke, ama kitoweo kirudi."

Watu waligeuka kunitazama. Kisha nahodha mmoja akasema, "Mchuuzi huyo! Anataka mtungo uondoke apate samaki rahisi!"

"Mwache auze vitumbua!" mwengine akasema, na baraza zima likacheka. Ndugu yangu, mtoto wa ami, alikuwamo. Hakucheka, lakini hakunitetea. Imamu alisema mambo ya sadaka yanataka nia, na nia anaijua Mungu, na sala ya alasiri imekaribia. Tukainuka. Hakuna aliyepitisha lolote, na kwa hivyo mtungo ukaendelea.

Shangazi hakuwapo mkutanoni. Nilipomsimulia alikuwa akifunga kanga zake kwenye begi la plastiki lenye mistari. Binti alikuwa ameshatuma nauli.

"Ulisema nini, mwanangu?" aliniuliza.

Nilimwambia nilivyosema.

"Wamekucheka?"

"Wamecheka."

Alikaza fundo la kanga. "Ungeniuliza mie kwanza. Ningekwambia usiseme. Kitoweo cha kudaiwa mkutanoni, nani angekila?"

Siku ya kuondoka ndugu yangu alikuja na gari ya rafiki yake kutupeleka bandarini Mkoani. Alibeba begi mwenyewe. Njiani mimi nilikaa nyuma. Walizungumza wao wawili, habari za jamaa, nani kaoa, nani mgonjwa. Bandarini alimwinamia Shangazi kuomba radhi. Hakusema ya nini.

"Nimekuridhia zamani," Shangazi alimwambia. "Hukunikosea weye." Alimwombea dua, riziki na salama ya baharini, kiganja juu ya kichwa chake, na yule mtu mzima mwenye ndevu alisimama ameinama mpaka abiria wengine wakawa wanatupita pembeni. Kisha Shangazi akapanda boti akishikwa mkono na mtu asiyemjua.

Sasa anaishi Unguja, ghorofani, chumba kimoja na wajukuu. Binti yake anamtunza vizuri. Anakula mchele wa kununua na samaki wa sokoni, na anasema kwenye simu kwamba amenenepa. Sijui kama ni kweli. Anachouliza kwanza, kabla ya afya yangu na biashara, ni mvua. Namwambia imenyesha au haijanyesha. Mimi bado nipo dikoni kila asubuhi. Mnadi bado anauinua mtungo wa kwanza, ila sasa hasemi ni wa nini, anataja bei tu, na sisi tunanunua. Vijana wanaoingia uvuvini siku hizi wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Chini ya mkungu hapasimami mtu tena.

Juzi Shangazi alipiga simu. Nilimwambia mvua imenyesha vizuri, ya kusikika mpaka ndani. Nilisikia watoto na televisheni nyuma yake.

"Basi itakuwa imeosha," alisema.

"Inshallah."

"Mwakani pengine. Sikiliza, mwanangu. Akija mtu kuliomba konde langu, hata wa kuazima, usimpe. Mwambie mwenyewe yupo."

Nikamwambia sitampa mtu. Sikumwambia kwamba hakuna aliyekuja kuliomba.